Kabla Hujajibu Barua ya Wakili: Namna ya Kuisoma Hataza na Kuifuata Kesi Yake

Barua za mawakili kuhusu hataza (patent, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake) hufanana. Juu pana jina la kampuni, chini yake nambari ndefu inayoanza na US, AP au KE, kisha sentensi inayosema mashine unayouza inakiuka haki za mteja wao, na mwisho siku chache za kujibu. Fundi wa Malindi au mwenye karakana ya boti Lamu akiipata, huishia kuwa na njia mbili mbaya mbele yake: kuitupa, au kufunga kazi kwa hofu. Barua haijathibitisha kitu. Chenye nguvu ni waraka wa hataza wenyewe, nao unapatikana bure mtandaoni, unasomeka, na mara nyingi eneo unalolinda ni dogo kuliko barua inavyojigamba.

Anza na nchi. Hataza haivuki mpaka. Anayetengeneza mashine za kukuna nazi Malindi na kuziuza Watamu, Kilifi na Mombasa hagusi hataza ya Marekani hata kama mashine yake inalingana na ya Mmarekani kwa kila skrubu. Akipakia mashine kumi kwenye kontena kumpelekea mnunuzi wa New Jersey, hapo amegusa. Sheria ya Marekani inamkataza asiye na ruhusa kutengeneza, kutumia, kuuza au kutoa ofa ya kuuza uvumbuzi wenye hataza ndani ya nchi hiyo, na pia kuuingiza nchini. Mnunuzi naye anaweza kushtakiwa, na ndiyo maana wanunuzi wakubwa hupenda kuweka kifungu kwenye mkataba kinachosema gharama zote za kesi ya hataza ni za muuzaji. Kitafute kifungu hicho kabla ya kutia saini. Huwa kimefichwa katikati ya mambo ya bima na usafirishaji, na kinaweza kula faida ya miaka mingi.

Nambari ya AP imetolewa na ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982. Ina nguvu Kenya ikiwa tu Kenya ilitajwa miongoni mwa nchi zilizoombewa ulinzi. Usidhani hataza ya ARIPO ni karatasi ya mbali: mwaka 2006 kesi ya Sanitam dhidi ya Rentokil, iliyohusu pipa la taka la kukanyaga kwa mguu, ilifika Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikiwa na hataza ya ARIPO mkononi.

Ukishajua nchi, tazama herufi mwishoni mwa nambari. Waraka wa Marekani unaoishia A1 ni maombi yaliyochapishwa. B1 au B2 ndiyo hataza iliyotolewa. Watu hutishwa kwa A1 kila siku, na ukweli ni kwamba kesi ya ukiukaji haifunguliwi kwa maombi ambayo bado hayajakubaliwa. Maneno yake yanaweza kubadilika sana kabla ya kutolewa, au yasitolewe kabisa.

Ukurasa wa kwanza una nambari ndogo ndani ya mabano, na hizo ni zilezile dunia nzima, kwa hivyo hata kwenye waraka wa Kichina utapata pa kuanzia. (11) ni nambari ya hataza. (22) ni tarehe ya kuwasilisha maombi. (30) ni tarehe ya kipaumbele, yaani maombi ya kwanza kabisa katika nchi nyingine, ambayo yanaweza kutangulia kwa hadi miezi 12. (72) ni mvumbuzi, (73) ni mmiliki, (54) ni jina la uvumbuzi, (51) ni alama za uainishaji. Hizi za mwisho ni hazina kwa anayetafuta: vifaa vya uvuvi viko A01K, meli na boti B63B, mashine za kufua na kupasua nazi na kokwa nyingine A23N 5. Ingiza alama hiyo kwenye PATENTSCOPE au Espacenet, tovuti za bure za kutafutia hataza, na utaona kazi za watu wa nchi nyingi kwa jambo lilelile unalolifanya wewe Shela au Matondoni.

Kisha umri. Hataza huishi miaka 20 tangu siku maombi yalipowasilishwa. Marekani siku zinaweza kuongezwa kidogo pale ofisi yao ilipochelewesha kazi, lakini iliyowasilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 imeshakufa, na uvumbuzi wake ni wa kila mtu. Nyingine hufa mapema kwa kutolipiwa. Marekani ada za kuitunza zinalipwa miaka 3 na nusu, 7 na nusu, na 11 na nusu baada ya kutolewa, na nyongeza ya miezi 6 kwa aliyechelewa. Kenya ada ni ya kila mwaka. Kuangalia kama ada imelipwa ni kazi ya dakika chache, na ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote.

Sasa nenda mwisho wa waraka. Michoro inavutia macho na maelezo ni marefu, lakini mpaka wa haki ya mwenye hataza umechorwa na sentensi zenye nambari zinazoitwa madai. Kila dai ni sentensi moja, hata likichukua nusu ukurasa. Dai la 1 kwa kawaida ndilo pana. Yanayofuata huanza na "mashine kama ilivyo kwenye dai la 1, ambapo…" na kulibana zaidi. Kama hukukiuka dai la 1, hukukiuka yanayolitegemea. Soma hadi mwisho lakini, kwa sababu hataza moja inaweza kuwa na dai jingine linalojitegemea huko chini, la njia ya kazi au la kipande kimoja tu.

Tuchukue dai la mfano:

"Mashine ya kukuna nazi yenye fremu, mota iliyofungwa kwenye fremu, shafti inayozungushwa na mota, kichwa chenye meno kilichofungwa mwisho wa shafti, mkono wenye springi unaosukuma nusu ya nazi kuelekea kichwa, na swichi kwenye mkono huo inayozima mota meno yanapokaribia kifuu."

Chora jedwali la safu mbili. Kushoto andika vipande sita vya dai, kimoja kimoja. Kulia andika kilichopo kwenye mashine yako: fremu ya chuma, ipo. Mota ya nusu hospawa, ipo. Shafti juu ya beringi mbili, ipo. Kichwa cha stenlesi chenye meno, kipo. Mkono wenye springi? Hakuna, mkunaji anaishika nazi kwa mkono wake. Swichi ya kujizima? Hakuna, kuna ya kawaida ukutani. Kikikosekana kipande kimoja tu kati ya sita, hakuna ukiukaji wa moja kwa moja, na mwenye hataza hawezi kusema "lakini kwa jumla zinafanana". Mawakili wa pande zote mbili huchora jedwali hilihili kabla ya kufungua mdomo. Wewe pia unaweza kulichora, mezani, na mashine ikiwa imefunguliwa mbele yako.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kudhani kuongeza kitu kunaokoa. Mashine yako ikiwa na vipande vyote sita halafu ukaongeza chujio la tui na taa, bado umekiuka. La pili ni kudhani kuwa na hataza yako mwenyewe ni ruhusa ya kutengeneza. Hataza inakupa haki ya kuwazuia wengine, basi. Unaweza kupewa hataza ya chujio na bado ukahitaji ruhusa ya mwenye mkono wenye springi.

Panakuwa pagumu mtu anapobadilisha kipande kidogo tu. Tuseme mahali pa springi umeweka mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa maneno ya dai, huna springi. Mahakama za Marekani, hata hivyo, zina kanuni ya usawa: kitu kinachofanya kazi ileile, kwa namna ileile, na kuleta matokeo yaleyale kinaweza kuhesabiwa kuwa sawa na kilichoandikwa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliithibitisha mwaka 1997 katika kesi ya Warner-Jenkinson, ikasisitiza kwamba ulinganisho ufanywe kipande kwa kipande. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya Festo, ikaeleza mpaka wake. Mwombaji aliyepunguza dai lake ili akubaliwe, kwa kawaida hawezi kurudi baadaye kudai alichokiacha. Kwa hiyo pakua jalada la maombi kwenye tovuti ya ofisi ya hataza ya Marekani. Ni la wazi na ni bure. Ukikuta mwanzoni aliandika "mkono unaosukuma", mkaguzi akamwonyesha mkono wa zamani, naye akaongeza "wenye springi" ili apite, mpira wako wa tyubu umepata kinga nzuri. Kwa maoni yangu, saa moja ndani ya jalada hilo ina faida kuliko wiki nzima ya kubishana kuhusu michoro.

Na neno "yanapokaribia" kwenye mfano wetu? Milimita 1? Milimita 5? Anayeamua ni jaji, wala si juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi. Hilo liliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1996 katika kesi ya Markman, iliyohusu mfumo wa kufuatilia nguo za wateja kwenye madobi. Tangu hapo kesi za hataza huwa na kikao maalumu cha kufasiri madai. Jaji hutazama kwanza madai yenyewe, kisha maelezo na michoro, kisha jalada la maombi. Kamusi na wataalamu huja nyuma. Kesi nyingi hufia au hupatanishwa hapo, kwa sababu neno likishapewa maana, pande zote zinaona nani anazama.

Kinga ya pili ya mshtakiwa ni kusema hataza yenyewe haikustahili kutolewa, kwa kuwa jambo hilo lilikuwepo zamani au lilikuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa kazi hiyo. Hapa pwani tunayo mifano miwili inayotugusa jikoni na uani. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa kisayansi la India, CSIR, likaipinga kwa maandishi ya zamani na makala za kitabibu zilizochapishwa, na mwaka 1997 ikafutwa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya nayo ilitoa hataza mwaka 1994 kwa wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace kuhusu kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya kuvu wa mimea. Ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005.

Angalia kilichoamua kesi ya manjano: karatasi zenye tarehe. Kila bibi wa Lamu angeweza kusimama kusema manjano hutiwa kwenye kidonda, na mbele ya sheria ya Marekani ya wakati ule maneno yake yasingehesabiwa, kwani matumizi ya nje ya nchi yalikuwa na uzito pale tu yalipoandikwa na kuchapishwa au kupewa hataza. Maombi yaliyowasilishwa tangu Machi 16, 2013 yanapimwa kwa kipimo kipana zaidi, kilichokwisha kuwa wazi kwa umma popote duniani, na sheria ya Kenya inahesabu matumizi na maelezo ya mdomo pia. Hata hivyo uthibitisho unabaki tatizo. Mafundi wa Matondoni wanaojua namna ya kupindisha mbao, kutia kalafati na kuunga mastamu hawatapokonywa ujuzi huo na hataza ya mtu ikiwa kuna maelezo yaliyochapishwa, yenye picha, vipimo na tarehe. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana ujuzi mwingi wa Lamu bado umo vichwani mwa wazee, na mkaguzi wa hataza aliyeko maelfu ya kilomita hana namna ya kuusoma humo.

Kuhusu "dhahiri", kesi ya kukumbuka ni KSR dhidi ya Teleflex ya mwaka 2007, iliyohusu pedali ya gari iliyounganishwa na kihisi cha kielektroniki. Mahakama ya Juu ilisema kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia inayojulikana na kupata matokeo yanayotarajiwa hakutoshi. Kufunga mota kwenye mbuzi ya kukunia nazi, peke yake, kungeshindwa mtihani huo.

Sasa tufuate kesi yenyewe. Marekani kesi za ukiukaji wa hataza husikilizwa na mahakama za shirikisho pekee. Mahakama za majimbo hazina mamlaka. Mahakama za wilaya za shirikisho ni 94. Kampuni ya Kimarekani hushtakiwa kule ilikosajiliwa, au pale ilipofanya ukiukaji na ina mahali pa kudumu pa biashara, kama ilivyoamuliwa katika TC Heartland mwaka 2017. Ulinzi huo haumhusu mgeni. Kampuni ya Malindi inaweza kushtakiwa katika wilaya yoyote ambayo mahakama yake ina mamlaka juu yake, na mlalamikaji atachagua inayomfaa yeye.

Ada ya kufungua kesi ni dola 405. Mawakili ndio gharama: kesi inayofika hukumu hula mamilioni ya dola, na ndiyo sababu wengi hupatana. Mlalamikaji ana siku 90 za kumfikishia hati mshtakiwa aliye ndani ya Marekani. Mshtakiwa ana siku 21 za kujibu. Akikubali kuzipokea bila taratibu za kukabidhiwa rasmi, hupewa siku 60, na aliye nje ya Marekani siku 90. Kubali, upate muda. Asiyejibu kabisa huhukumiwa bila kusikilizwa.

Tarehe ya kukabidhiwa hati iandike ukutani, kwa sababu inaanzisha saa nyingine: mwaka 1 wa kuomba ofisi ya hataza iipitie upya hataza hiyo. Njia hii ilianza Septemba 2012 chini ya sheria ya mageuzi ya 2011. Faida yake iko kwenye kipimo cha ushahidi. Mahakamani, anayetaka hataza ibatilishwe anatakiwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kama ilivyothibitishwa katika Microsoft dhidi ya i4i mwaka 2011. Mbele ya jopo la ofisi ya hataza inatosha uzito wa ushahidi uelemee upande wake. Jopo likikubali kusikiliza, kwa kawaida huamua ndani ya mwaka mmoja, na jaji wa kesi anaweza kusimamisha shauri akisubiri. Zinapokelewa hoja za hataza na maandishi yaliyochapishwa tu. Mashine ya zamani iliyoko ghalani bila maandishi haitakusaidia hapo.

Kisha kuna ubadilishanaji wa ushahidi, hatua ndefu na ya gharama kuliko zote. Kila upande hudai michoro, ankara, barua pepe na ujumbe wa simu wa mwenzake, na huhoji mashahidi kwa kiapo. Kawaida ni mahojiano 10 kwa kila upande, kila moja siku moja isiyozidi saa 7. Kufuta ujumbe wa WhatsApp baada ya kupokea barua ya onyo ni njia ya haraka ya kuiua kesi yako, hata kama hukukiuka chochote. Jaji anaweza kuliambia juri lichukulie kwamba kilichofutwa kilikuwa kinakuumiza. Siku unayopata barua, waambie wafanyakazi wote wasifute kitu.

Kikao chenyewe kwa kawaida hakiwi kirefu. Juri ni watu 6 hadi 12, na uamuzi wao ni wa kauli moja isipokuwa pande zikikubaliana vinginevyo.

Fidia haipungui mrabaha wa haki, yaani kiasi ambacho pande mbili zingekubaliana kama zingeomba na kupeana ruhusa kabla ya ukiukaji. Mwenye hataza akithibitisha faida aliyopoteza, hupata hiyo. Jaji anaweza kuikuza hadi mara tatu ukiukaji ukiwa wa makusudi. Hairudi nyuma zaidi ya miaka 6. Amri ya zuio haitolewi tena kama jambo la kawaida tu: tangu kesi ya eBay ya mwaka 2006 mwombaji lazima aonyeshe, pamoja na mambo mengine, kwamba pesa hazitoshi kumponya. Zuio ndilo linaloumiza zaidi. Polaroid iliishtaki Kodak mwaka 1976 kuhusu kamera za picha za papo hapo. Kodak ikashindwa mwaka 1985, mwanzoni mwa 1986 ikalazimika kuacha biashara hiyo kabisa, wateja wake wakabaki na kamera zisizo na filamu, na malipo yakamalizika 1991 kwa dola milioni 925. Miaka 15. Apple na Samsung walianza Aprili 2011, juri likatoa zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 2012, kiasi kikabishaniwa hadi Mahakama ya Juu, juri jingine likatoa milioni 539 mwaka 2018, na mwezi uliofuata wakapatana. Rufaa za hataza kutoka wilaya zote huenda mahakama moja, ya Mzunguko wa Shirikisho, Washington, iliyoanzishwa 1982. Notisi ya rufaa ni siku 30.

Kwetu Kenya mambo ni mepesi zaidi na karibu zaidi. Sheria ni ya Mali ya Kiviwanda ya 2001. Usajili uko KIPI, taasisi ya mali ya kiviwanda ya Kenya, Nairobi. Kesi za ukiukaji huenda kwenye Baraza la Mali ya Kiviwanda, na rufaa Mahakama Kuu. Hakuna juri. Mwaka 2008 Baraza hilo lilisikiliza Pfizer dhidi ya Cosmos kuhusu dawa ya azithromycin na kuona hataza imekiukwa. Sheria inamruhusu mshtakiwa kuomba hataza ifutwe, na anayeogopa kushtakiwa anaweza kwenda mwenyewe kuomba itamkwe kwamba hakiuki. Hii ya mwisho inatumika kidogo mno. Mwenye karakana aliyepata barua ya vitisho, mwenye jedwali lake safi, hana haja ya kusubiri miaka akiwa na wasiwasi.

Mafundi wa mashine za boti Lamu na wajazaji wino wa printa Malindi huuliza kama kurekebisha kitu chenye hataza ni ukiukaji. Kwa kawaida hapana. Mwenye hataza akishauza kitu, haki yake juu ya kitu kile imekwisha. Kenya hili limo kwenye kifungu cha 58, na linahusu bidhaa iliyowekwa sokoni Kenya au nchi nyingine na mwenyewe au kwa ridhaa yake. Marekani ilifika hapo kwa kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark mwaka 2017, iliyohusu katriji za tona (wino wa unga) zilizojazwa upya. Kubadilisha pete za pistoni, propela au kabureta ya mashine halali ni matengenezo. Hatari iko kwenye kipuri chenyewe: kama propela ile ina hataza yake hai nchini na umeinunua kwa mwigaji, umenunua tatizo. Na kwa wanaofanya kazi bandari ya Lamu, meli ya kigeni inayotia nanga kwa muda na kuondoka haikiuki hataza kwa vifaa vilivyomo ndani yake kwa mahitaji ya chombo. Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa mali ya kiviwanda, umeilinda.

Neno kwa aliyebuni kitu chake. Usikionyeshe kabla ya kuwasilisha maombi. Video ya sekunde 30 mtandaoni, au meza kwenye maonyesho ya Mombasa, inatosha kuuondoa upya wa uvumbuzi. Kenya na Marekani zinakupa miezi 12 ya kujiokoa kutoka ulipouonyesha mwenyewe. Ulaya haikupi msamaha huo. Na kama uvumbuzi ni mdogo lakini ni mpya, usikimbilie hataza kamili: cheti cha modeli ya matumizi Kenya hakidai hatua kubwa ya kiuvumbuzi, kinadumu miaka 10, na kwa karakana nyingi za pwani ndicho kinachofaa. Umbo na mapambo ni usanifu wa kiviwanda, miaka 5 inayoweza kuhuishwa mara mbili. Jina ni alama ya biashara, na ndiyo maana kampuni ya Uingereza ilipotaka kulisajili neno kikoi, ubishi haukuwa wa hataza hata kidogo.

Sasa jibu la barua. Liwe fupi, la maandishi, bila kukiri wala kutukana. Omba mambo manne: nambari kamili ya hataza na nchi yake, uthibitisho kwamba aliyeandika ndiye mmiliki aliyesajiliwa, dai mahususi wanalosema umelikiuka, na jedwali lao la kipande kwa kipande dhidi ya mashine yako. Wasioweza kulitoa jedwali huwa hawana kesi ya kukimbilia. Wakilitoa, linganisha na lako, kisha nenda kwa wakili wa hataza ukiwa na yote mawili, jalada la maombi, ankara za mashine ulizouza na bahasha yenye muhuri wa tarehe. Kama hataza ni ya Kenya na imetangazwa karibuni, fungua jarida la kila mwezi la KIPI uhakikishe tarehe ya kuchapishwa, kwa sababu mwenye maslahi ana miezi 9 tu tangu siku hiyo ya kuliomba Baraza liifute, na miezi hiyo haisubiri mazungumzo yenu na kampuni yaishe.